Nusu ya Karatasi

Siku ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, ni siku niliyomsomea mzee wangu nusu ya karatasi kisha nikamwambia imekwisha. Wenzangu wanakumbuka siku ya harusi, au siku walipopata mtoto wa kwanza. Mimi pia nilioa na nilizaa, na nashukuru. Lakini nikikaa peke yangu, kinachonijia ni karatasi ile.

Nakuambia haya kwa sababu wiki iliyopita ulikuja hapa kwangu Karungu na simu mkononi, ukanionyesha picha ya sili mpya unayotaka kuifunga kwenye ile mashua ya tanga ya jamaa wa kisiwani. Ukasema boksi la kamba ni mambo ya kizamani, siku hizi mashua haivuji hata tone. Sikukujibu, ukadhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilijiona mwenyewe nikiwa na umri wako, na nilichokiona sikukipenda.

Wapo watakaosikia maneno haya na kazi yetu hawaijui, kwa hiyo wewe vumilia kidogo nieleze. Mashua yenye injini ndani ina chuma kirefu kiitwacho shafti. Kinatoka kwenye injini, kinapita kwenye tundu chini ya mashua, kinakwenda kuzungusha propela majini. Hapo kwenye tundu ndipo penye kazi. Zamani tulifunga boksi la shaba, kikopo kidogo tu, na ndani yake tukaizungushia shafti kamba iliyolowa grisi, kisha tukakaza nati. Unakaza kwa kiasi, kwa sababu kamba ikibana mno shafti inapata moto na kulika. Kwa hiyo boksi lililo sawa halinyamazi: tone, unahesabu kidogo, tone lingine. Sili mpya haina kamba. Ni raba yenye mikunjo, na mbele yake pete mbili zinazosuguana, moja nyeusi na moja ya chuma kinachong'aa. Ikifungwa sawasawa, chini panabaki pakavu kama sakafu ya kanisa.

Aliyenifundisha kazi hii ni Mzee Chacha. Alikuwa Mkuria wa Kehancha, mtu aliyeanzia ufundi kwenye malori ya tumbaku. Aliitwa ziwani kutengeneza injini moja ya dizeli, kazi ya siku tatu, akakaa miaka kumi na minne. Kuogelea hakujua. Sisi tuliozaliwa na maji miguuni tulimtania kwa hilo, naye alicheka pamoja nasi, akisema ng'ombe wa Kuria nao hawaogelei na bado wananenepa. Yeye Dholuo chetu alikiokota kidogo tu, mimi Kikuria sikujua hata salamu, basi tukakutana kwenye Kiswahili, kila mtu na makosa yake. Kiingereza hakukijua kabisa. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilihakikisha hakuna mtu bichi nzima, pale ufuoni penye mashua, asiyelijua hilo.

Mashua tuliyoitunza iliitwa Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu. Mwenyewe alikuwa Bwana Salim, mtu wa Pwani aliyekuwa na duka Homa Bay mjini. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao. Ilibeba unga, sukari na sabuni kwenda kisiwa cha Mfangano, kwa tanga upepo ukiwapo, kwa injini upepo ukilala. Kila asubuhi kabla ya kunywa chai, Mzee Chacha alishuka chini, akainama kando ya shafti, akakinga kiganja chini ya boksi na kuhesabu matone. Yakizidi alikaza nati kidogo. Yakipungua alilegeza. Huko chini ndiko alikoona pia bomba lililoanza kupasuka, boliti iliyolegea, mbao iliyoanza kulainika. Aliniambia siku moja, "Hii maji kidogo ndio inaniita kila asubuhi. Siku haitaniita, nitajuaje hii mashua inaumwa wapi?"

Niliona ni maneno ya mtu asiyesoma. Mungu anisamehe.

Basi Bwana Salim alichoka na magunia ya chini kulowana. Aliagiza sili kutoka Mombasa, ikafika ndani ya kasha dogo pamoja na karatasi moja ya maelezo, imeandikwa Kiingereza mbele na nyuma. Mzee Chacha hakubisha. Alinawa mikono kwa sabuni, akaketi juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, akaniambia nimsomee yote, polepole, maana kitu kigeni hakifungwi kwa kubahatisha.

Nilisoma upande wa mbele vizuri, namfasiria. Namna ya kulitoa boksi la zamani, namna ya kusafisha shafti, raba ibanwe kiasi gani. Yeye aliuliza, nami nikarudia. Kisha nikageuza. Upande wa nyuma maandishi yalikuwa madogo, na mstari wa kwanza tu ulikuwa na maneno mawili nisiyoyajua. Mwanangu, ningesema "mzee, hapa sijui" kungenigharimu nini? Kuuliza si ujinga. Lakini mimi nilikuwa msomi wa bichi, na msomi angekwamaje mbele ya fundi wa malori?

Akaniuliza, "Na hiyo nyuma inasema nini?"

Nikamjibu, "Hiyo ni matangazo ya kampuni tu, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi kwa adabu na kuirudisha kashani. Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakusita hata kidogo.

Siku iliyofuata ulifika ujumbe kwamba kaka yake amefariki huko Kehancha. Akafunga mfuko wake kwenda kuzika. Kabla ya kuondoka aliniagiza nisiiguse sili mpaka arudi, kazi ile tuifanye wawili. Nikasema ndiyo. Siku mbili baadaye Bwana Salim alinipitia akaniuliza kama naiweza peke yangu, na nikasema ndiyo tena. Nilikuwa mwepesi wa ndiyo siku hizo.

Tuliipandisha Nyar Karungu ufuoni juu ya magogo, wavuvi wakivuta kamba na kuimba. Nililitoa boksi la shaba, nikaitupa ile kamba yake nyeusi kama mzoga, nikafunga raba na pete. Ile pete ya chuma inashikiliwa kwenye shafti na skrubu ndogo sana, ndogo kama punje za mtama. Nilizikaza, nikaona sikuibana raba vya kutosha, nikazilegeza, nikaisogeza pete, nikazikaza tena zile zile. Mfukoni mwa plastiki zilibaki skrubu nne nyingine. Nikasema hawa watu ni wakarimu, wameongeza za akiba. Nikazitia mfuko wa shati.

Ilipoingia majini haikudondosha hata tone. Watu walishuka chini kwa zamu kupapasa na kustaajabu. Siku hiyo waliniita fundi, na kwa mara ya kwanza hawakuongeza maneno "wa Chacha" baada yake. Nilivimba, mwanangu.

Mzee Chacha alirudi baada ya siku nane, nywele zimenyolewa kwa ajili ya matanga. Alishuka chini bila kuvua koti. Alikaa huko muda mrefu, akakinga kiganja chake kama desturi, na kiganja kikabaki kikavu. Alipopanda hakunigombeza. Alinitazama tu usoni.

"Omondi, ile karatasi ulisoma yote?"

"Nilisoma yote, mzee."

"Basi sawa."

Sikiliza hapo, mwanangu. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi kabisa. Mtu aliyeachwa nyuma na kijana wake, aliyevunjiwa agizo akiwa msibani, anauliza swali moja tu, kwa upole, na jibu la kweli lingemaliza kila kitu. Tungeipandisha mashua tena, tungetia skrubu mpya, angenitukana kidogo kwa Kikuria, tungekunywa chai. Nami nikaufunga ule mlango kwa maneno matatu.

Wiki tatu zilipita. Kwa kuwa hakukuwa na tone la kuhesabu, hakukuwa na sababu ya kushuka asubuhi. Mzee Chacha alishuka siku za mwanzo kwa mazoea, akakuta pakavu, na nahodha pamoja nami tukamcheka kwamba anamwamsha mtu asiyeumwa. Akaacha. Nilimwachisha mimi.

Siku yenyewe tuliondoka asubuhi na shehena ya unga, watu wazima wanne: nahodha, mzee, mimi, na mama mmoja aliyekuwa akirudi kwake Mfangano na kitoto mgongoni. Upepo ulilala, tukaenda kwa injini. Tulikuwa mbali na nchi kavu injini ilipokohoa. Mzee akainua ubao wa sakafu, na chini ya ubao yakawa maji, yamefika kwenye ukanda wa injini, magunia ya chini yameshakuwa uji. Pete ilikuwa imeteleza nyuma kwenye shafti. Zile skrubu zilikuwa zimechoka kushika mara ya pili.

Nahodha alizima injini. Mzee Chacha, mtu asiyejua kuogelea, aliingia akapiga magoti kwenye maji yale, yakamfika kifuani, akapapasa, akaipata pete, akaisukuma mbele kwa mikono miwili ikutane na mwenzake. Maji yakapungua kuingia. Akikaza mikono yanapungua, akilegea yanarudi, kwa hiyo hakulegea. Nilimwambia nimpokee. Akasema mimi niteke maji kwa ndoo, kwa sababu nina nguvu, na yeye hana pa kwenda. Mama yule aliteka pia, kitoto kikilia mgongoni. Mchana upepo wa ziwa ukaamka, nahodha akapandisha tanga, tukarudi polepole tukisukumwa kuelekea nchi kavu. Saa nzima na nusu mzee alikuwa mle ndani ameishika pete, midomo imebadilika rangi. Tanga tulilolidharau kwa ajili ya injini ndilo lililotuokoa, lakini bila injini hatukuweza kuchagua pa kufikia. Lilituleta kwenye miamba kusini mwa bichi, na Nyar Karungu akapasuka ubavu tukiwa tumeshafika kina cha kiuno.

Watu wote walitoka wazima, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Viganja vya Mzee Chacha vilikuwa vimekatwa na ukingo wa pete.

Bwana Salim alifika jioni ile ile kutoka Homa Bay. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama akiitazama mashua yake imelala ubavu, bichi yote imekusanyika, akauliza kwa sauti ya chini, "Najua kijana ndiye aliyeifunga. Lakini kosa hili linamwangukia nani?"

Mzee Chacha alikuwa ametoka kuikagua shafti. Nilimwona alivyopitisha kidole kwenye mikwaruzo ambayo skrubu ziliacha. Fundi haambiwi mikwaruzo ile maana yake nini. Alinitazama, na akangoja. Sijui alingoja muda gani. Pengine ni kiasi cha matone matatu ya boksi la zamani. Mimi niliangalia miguu yangu.

Ndipo akasema, "Mimi ndio fundi wa hii mashua."

Nami nikanyamaza. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nilinyamaza. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwangu haikuwa hivyo. Guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Baada ya hapo hakuna mwenye mashua aliyemwita tena. Walijua mimi ndiye niliyeifunga, lakini walisema yeye ndiye aliyepaswa kuikagua, na kitu kipya kikamshinda. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana na nilijua Kiingereza, walinihurumia na kunipa kazi zake. Nilizipokea. Usiku wa siku ile ya ajali sikulala, nikaenda asubuhi kwa mwalimu mmoja kuazima kamusi, nikasoma ule upande wa nyuma. Haukuwa na matangazo. Ulisema skrubu hizi zikishalegezwa zisitumike tena, zitiwe mpya. Ulisema mashua ikirudi majini raba ibonyezwe hewa itoke. Ulisema pia, kwa herufi nene, kwamba sili hii haidondoshi, kwa hiyo ikaguliwe mara kwa mara. Neno lile lile la Mzee Chacha, mwanangu, limeandikwa na watu wasiomjua.

Alipoondoka kurudi kwao Kehancha nilimbebea mfuko mpaka njia kuu. Skrubu nne zilikuwa kwenye mfuko wa shati, nazisikia zikigongana. Gari lilipofika alinipa mkono wenye bandeji, akasema, "Ukipata neno, njoo. Kehancha si mbali."

Kutoka Karungu mpaka Kehancha ni safari ya asubuhi moja. Mimi nilichukua miaka kumi na moja. Mwanzoni nilisema acha jambo lipoe. Halafu nikasema nitaenda baada ya mavuno, baada ya mtoto kupona, baada ya kumaliza nyumba. Mara mbili nilipita Kehancha yenyewe kwenda Kegonga kutengeneza mashine ya kusagia, na mara zote mbili nikajikunyata kwenye kiti nisije nikaonekana. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na changu kilikuwa kinakomaa.

Safari ya tatu nilishuka. Kijana wa boda boda alilijua boma, akanifikisha langoni. Mama Bhoke, mke wa mzee, alinikaribisha, akanipa maziwa ya mgando na ugali wa wimbi, akangoja nile kwanza. Nilipouliza mzee yuko wapi alinionyesha kaburi pembeni ya shamba la tumbaku. Nyasi zilikuwa bado hazijashika vizuri. Walikuwa wamemzika miezi saba kabla ya siku ile.

Pale pale nilimweleza mama yote. Karatasi, uongo, skrubu, kunyamaza kwangu. Nililia mbele ya mwanamke nisiyemjua, mtu wa makamo na heshima zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakushtuka.

"Alijua, mwanangu," akasema. "Kila akisikia pikipiki kwa lango alikuwa anauliza kama ni wewe. Mwisho akaacha kuuliza. Akasema labda njia imekuwa mbali."

Niliziweka zile skrubu nne, nilizokuja nazo mfukoni, juu ya kaburi. Upesi nikaona ni upuuzi, mtu kumrudishia marehemu vyuma vyenye kutu ambavyo angevihitaji alipokuwa na mikono. Nikaziokota. Ziko hapa mezani, kwenye kopo la grisi, utaziona ukija.

Sasa njoo tuifunge hiyo sili yako. Usidhani nakukataza. Nimefunga nyingi tangu wakati ule na ni kitu kizuri, boksi la kamba nalo lina taabu zake. Lakini utaileta karatasi, utanisomea mbele na nyuma, na ukifika neno usilolijua utasema hulijui, nami nitasema silijui, tutamtafuta anayelijua. Skrubu ukiilegeza, itupe, tia mpya. Na kila asubuhi kabla ya chai utashuka chini ukinge kiganja chako mahali pakavu, hata wenzako wakicheka. Watacheka, mimi nilicheka.

Mashine ni jambo dogo, mwanangu. Jambo kubwa ni hili: utakosa. Hakuna fundi asiyekosa. Siku utakapokosa, sema siku hiyo hiyo, maji yakiwa bado ni tone, kwa yule uliyemkosea na mbele ya waliosikia. Usingoje lipoe. Neno la kweli halipoi, linaoza. Na mkubwa wako akikuuliza kwa upole, jua anakufungulia mlango, na mkono wake utachoka kuushika.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe macho ya kusoma pande zote mbili na ulimi usioona haya kusema sijui. Akulinde juu ya maji na chini yake. Na kila utakapokuwa na neno la kumwambia mtu, akufupishie njia, umkute bado yuko langoni.